Mashine ya vifaranga: Joto la mchana huua kuliko umeme kukatika

MFUGAJI wa Michenga, moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Ifakara, anapoweka trei nne za mayai kwenye mashine ya kutotolesha, kitu cha kwanza anachohofia ni umeme kukatika. Ana sababu. Bonde la Kilombero limekaa jirani na mitambo ya Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi yenye megawati 180, lakini mgawo wa 2006 na wa 2011 haukumwacha mtu. Hata baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, nguzo moja ikianguka masika, mtaa mzima unalala gizani.

Hata hivyo, mayai mengi yanayooza ndani ya mashine hizi hayaui na giza. Yanauawa na joto lililozidi wakati umeme upo, na chanzo chake ni kifaa kidogo kuliko sabuni ya kipande: kidhibiti joto, ambacho mafundi wengi hukiita themostati.

Kuku wa kienyeji mwenyewe anaonyesha jambo hilo. Kila siku anashuka kwenye kiota, anakula, anakunywa, anajikung’uta, kisha anarudi. Mayai yanapoa kidogo na vifaranga bado wanatoka siku ya 21. Yai huvumilia saa chache za ubaridi, kwa gharama ya kuchelewa kuanguliwa. Halivumilii joto. Ndani ya mashine yenye feni kinachotakiwa ni nyuzi 37.5 hivi, likipanda hadi kupita 40 kwa saa kadhaa, kiinitete hufa.

Hasara yake si ndogo. Tuchukulie mfugaji ameweka mayai 120 yenye mbegu, na kila kifaranga wa siku moja anauzwa Sh 2,000. Wakitoka asilimia 80 anapata vifaranga 96, yaani Sh 192,000. Wakitoka asilimia 40 anapata Sh 96,000, na humo bado hajatoa fedha ya mayai. Tofauti hiyo ya Sh 96,000 inapotea kwa mzunguko mmoja, na wengi huendelea kuipoteza mizunguko mitatu au minne huku wakimlaumu aliyewauzia mayai.

Tatizo la kwanza ni jinsi kifaa kinavyotoka dukani. Mashine nyingi za kuchongwa na mafundi zimefungwa kibao cha aina ya W1209, chenye namba nyekundu na vitufe vitatu. Kibao hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya mayai. Hutoka kiwandani kikiwa kwenye herufi C, yaani kazi ya kupoza, na tofauti ya nyuzi mbili kati ya kukata na kuwasha. Mfugaji akiweka 37.5 bila kugusa kingine, hita inaweza isiwake kabisa hadi joto lizidi. Akibadili herufi tu na kuacha ile tofauti, hita itazima kwenye 37.5 na kusubiri hadi 35.5 ndipo iwake tena.

Kurekebisha ni kazi ya dakika mbili. Bonyeza kitufe cha SET kwa sekunde tano hadi ionekane P0, kisha weka herufi H, ya kupasha. Nenda P1, weka 0.3. Usishuke hadi 0.1 kwa kudhani unajali zaidi. Swichi ya ndani, ile inayosikika ikilia “tak”, itakuwa inafungua na kufunga mfululizo na haitamaliza mwaka. Baada ya hapo, bonyeza SET mara moja kwa kifupi na upange joto lenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, kibao hakisahau.

Tatizo la pili ni kuamini namba inayoonekana. Kibao kinaweza kuandika 37.5 wakati ndani kuna 39. Dawa yake iko duka la dawa: kipimajoto cha kidijitali cha kupimia homa, ambacho bei yake ni ya vifaranga wachache tu. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, yakaribie nyuzi 38, tumbukiza ncha ya kipimajoto pamoja na ncha ya waya wa kibao, vishikane, huku unakoroga taratibu. Kibao kikisoma pungufu kwa nyuzi moja, ingia P4 uongeze moja. Fanya hivyo kabla ya kila mzunguko, si mara moja ulipoinunua mashine. Waya huo huliwa na unyevu taratibu, na unapoharibika hautoi taarifa.

Mahali waya ulipo nako kuna mambo. Ncha ikae usawa wa migongo ya mayai, kwenye njia ya upepo wa feni, mbali na balbu. Mashine isiyo na feni huwa na joto la juu na la chini tofauti, hivyo pale juu ya mayai panahitaji kama nyuzi 38.5.

Sasa kuna suala ambalo wauzaji wa mashine kutoka mikoa ya baridi hawalitaji. Kidhibiti joto hakina uwezo wa kuleta ubaridi. Kazi yake ni kuzima hita tu. Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, chumba cha bati kisicho na dari hapa bondeni kinakuwa tanuri saa nane mchana. Hita imezimwa, namba bado zinapanda. Kuanzia wiki ya tatu mambo yanazidi, kwa sababu vifaranga ndani ya yai nao wanatoa joto lao. Mfugaji anayeangalia mashine asubuhi na jioni peke yake hawezi kuiona saa hiyo ya hatari.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, hamisha uliyonayo. Chumba cha matofali chenye paa la nyasi, au chenye dari na madirisha pande mbili, kina thamani kuliko kibao cha bei mbaya. Sanduku la kuta mbili lililojazwa maganda ya mpunga katikati husaidia pande zote: mchana joto la nje linachelewa kuingia, usiku la ndani linachelewa kutoka. Maganda hayo yamejaa nyuma ya kila mashine ya kukobolea Ifakara.

Sanduku lililozibwa vizuri hupunguza na Luku. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya muda hula uniti 1.2 kwa siku, kama uniti 25 kwa siku 21. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh 100 kwa uniti, yaani kama Sh 2,500 kabla ya kodi. Uniti hizo 25 zikiangukia juu ya 75, kila moja ni Sh 350, na gharama inafika Sh 8,750.

Wenye sola wawe waangalifu. Wati 100 kwenye umeme wa nyumbani hazifiki hata nusu ampea, lakini kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea nane, karibu na kikomo cha ampea 10 cha swichi ya kibao. Swichi ikizidiwa huungua ikiwa imefunga, hita haizimi tena, na asubuhi mayai yamechemka. Mwombe fundi aongeze kidhibiti cha pili, kimfuatane cha kwanza kwenye waya uleule, kimepangwa 38.5. Siku swichi ya kwanza ikiganda, ya pili inakata.

Usipojua kosa liko wapi, tazama vifaranga. Wakitoka siku ya 19 au ya 20, wadogo, vitovu havijafunga, joto lilizidi. Wakichelewa hadi siku ya 22 au 23, wakiwa wakubwa, laini na wazito kusimama, joto lilipungua. Andika kwenye daftari, na mzunguko unaofuata sogeza nusu nyuzi, si zaidi. Siku ya 18, unapoacha kugeuza mayai, shusha joto hadi 37, jaza maji kwenye vyombo na ufunge mlango, hata kama watoto wanataka kuchungulia.