MBWA ALIAYE AGUSWAPO MGONGO

Mbwa ni mlinzi wa boma na mfukuza nyani shambani, lakini hana kinywa cha kumwambia bwana wake mahali panapomwuma. Mara kwa mara hutokea mbwa mpole akalia aguswapo mgongo, au akamwonyesha meno mtoto aliyezoea kucheza naye. Watu husema amekuwa mkali, wakampiga, hata kumwua. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kwamba mara nyingi mbwa wa namna hii hakugeuka tabia, bali ana maumivu.

Kwanza, huenda ameumia. Pigo la fimbo, teke la ng'ombe, au kugongwa na motokaa huweza kuvunja mfupa pasipo jeraha kuonekana. Tena meno ya mbwa mwenziwe huacha tundu dogo tu juu ya ngozi, na ndani yake usaha ukajikusanya. Yafaa kufunua manyoya na kutazama kama kuna jipu, kupe, au funza.

Pili, ni mifupa ya uti wa mgongo. Kati ya mfupa na mfupa pana kipande cha gegedu kilicho kama mto. Kikipasuka, hugandamiza mshipa mkuu wa fahamu upitao humo. Mbwa hupinda mgongo, hukataa kuruka, na mambo yakizidi huburuta miguu ya nyuma. Mbwa wenye miguu mifupi na mgongo mrefu hupatwa zaidi. Mbwa mzee naye huumwa na viungo kama mtu mzee.

Tatu, yuko mnyoo mwekundu ambaye wataalamu humwita Spirocerca lupi, naye anapatikana Afrika ya Mashariki. Mbwa humpata kwa kula dundu wafingirishao mavi, au kuku na mijusi waliokula dundu hao. Mnyoo hupita katika mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kisha hufanya uvimbe katika umio. Na mifupa ya mgongo iliyo karibu huweza kuharibika. Mbwa hukonda na kutapika. Dawa yake ipo, nayo hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Basi, mwenye mbwa afanye nini? Asimkande mgongo wala asimpe dawa za watu za maumivu. Ibuprofeni huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Amfunge mahali pa kivuli apumzike, kisha amwite mganga wa mifugo. Akiburuta miguu, asingoje hata siku moja.

Lakini jambo moja lisisahauliwe. Mbwa aliyebadilika ghafula, anayetokwa na mate, ambaye taya lake limelegea, au aumaye ovyo, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe kabisa. Habari zipelekwe upesi kwa mganga wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apigwe sindano, maana ugonjwa huo ukishajionyesha kwa mtu hauponyeki.

Yafaa wazee wa miji na walimu wawaeleze watu habari hizi, na kuwahimiza wapeleke mbwa wao kuchanjwa kila mwaka. Mbwa aliyechanjwa akilia aguswapo, bwana wake hutafuta sababu kwa moyo mtulivu, wala hakimbilii rungu.