Kompyuta Imekataa: Usikimbilie Dukani

Kijana wetu alinunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, akaviunga mwenyewe mezani. Siku ya kuijaribu, feni zilizunguka, taa zikawaka, lakini kioo kilikuwa cheusi ti. Akasema: "Baba, ubao mkuu umekufa. Tuuze mbuzi tununue mwingine."

Nikamjibu: "Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Tuanze na lililo rahisi."

Wazazi, yafaa mjue mambo haya. Kwanza tazameni kama waya wa kioo umeshika. Kisha zimeni, chomoeni waya wa umeme ukutani, na guseni chuma cha kasha kabla ya kushika cho chote ndani, maana umeme wa mwilini waweza kuharibu vipande. Ubao mkuu hulishwa kwa nyaya mbili: mmoja mpana wa ubao wenyewe, mwingine mdogo wa prosesa, ambao wengi huusahau. Halafu chomoeni kijiti cha kumbukumbu, mkirudishe, mkikandamize mpaka vibanio vyake vilie. Jaribuni jambo moja moja, msije mkachanganyikiwa. Lakini kisanduku kigawacho umeme msikifungue kamwe: huweka umeme hata kikiisha kuchomolewa, nao waweza kuua.

Kosa letu lilikuwa kwenye kijiti cha kumbukumbu: upande mmoja haukuingia sawasawa. Tulipokikandamiza na kuwasha tena, picha ikatokea. Mbuzi yungali zizini, na kijana amejifunza kuchunguza kabla ya kulaumu.