Kichwa Kinakua, Ubongo Je?

Kwa mama wengi wa Unguja dalili ya kwanza huwa ni kofia: ya wiki iliyopita haiingii tena. Kisha utosi unafura, mishipa inajitokeza, na macho ya mtoto yanatazama chini muda wote. Majirani wana yao: jicho, shetani, anyweshwe kombe. Kombe halimzuii mtu kwenda hospitali. Hatari ni zile wiki zinazopita, maji yaliyokosa njia yakiendelea kuubana ubongo.

Hospitali ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, ina taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyojengwa kwa msaada wa wakfu wa NED kutoka Hispania. Watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi hupasuliwa hapo bila kuvuka bahari. Baada ya upasuaji wazazi huuliza: kichwa kitarudi?

Lakini akili ya mtoto iko kwenye ubongo wenyewe, na huo kwa macho hauonekani. Ulipimwa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE. Watoto 100 wa chini ya miezi sita, waliopata maradhi haya baada ya maambukizi, walipangwa kwa kura: wengine wawekewe mrija wa kupeleka maji tumboni, wengine wafunguliwe njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera ndogo. Matokeo yalitoka 2017. Baada ya miezi 12 makundi hayakupishana kwa maana, si kwa uelewa wala kwa ukubwa wa ubongo.

Ukubwa huo hutolewa kwenye picha za CT, zinazoonesha kichwa kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Kompyuta hupita nukta kwa nukta: nyeupe ni mfupa, kijivu ni ubongo, nyeusi ni maji. Kisha hujumlisha. Kwa watoto hawa si rahisi, maana ubongo umesukumwa ukutani mwa fuvu ukawa mwembamba, na programu zilizozoea vichwa vya kawaida hupotea. Profesa Steven Schiff na wenzake wa Marekani ilibidi watunge hesabu nyingine.

Vituo vya afya vya shamba havina mashine hiyo. Vina futi. Mzunguko wa kichwa ukiandikwa kwenye kadi kila kiliniki, mruko wa ghafla huonekana mapema. Mtoto akipimwa uzito tu, mama anaweza kusema: "Dokta, naomba umpime na kichwa."