Mabwawa Manne Yaondolewa, Samoni Warejea Mto Klamath

Kuondolewa kwa mabwawa manne ya kuzalisha umeme katika Mto Klamath, nchini Marekani, kulikokamilika mwaka 2024, kumewafungulia samaki aina ya samoni njia iliyozibwa kwa zaidi ya karne moja.

Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Bwawa likiikatiza safari hiyo, kizazi hupungua.

Ili leseni ihuishwe, mmiliki alitakiwa kujenga njia za kupandishia samaki. Hesabu zilionesha kuwa kubomoa kungekuwa nafuu. Kwa Wayurok, wenyeji wanaotegemea samoni kwa chakula na ibada, suala hilo halikuwa la hesabu pekee.

Oktoba 2024, wiki chache baada ya ubomoaji, samoni walionekana katika sehemu ya mto iliyopo jimbo la Oregon, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1912.