MIONZI IFUNGAYO MPIRA

Mtu akipita Mpepai na milima ya Umatengo huko Mbinga, ataona mashamba ya ngoro. Mkulima hukata majani na kuyalaza kwa mistari ipandanayo, mraba kwa mraba. Kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika. Jani moja huchukuliwa na mvua, lakini majani yaliyopandana hushika mlima mzima. Ndugu msomaji, ushike mfano huo, maana siri ya mpira ni hiyo hiyo.

Mpira ni nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Zisipofungamana huteleza, na jua likiwaka mpira hunata. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua ya kuwa salfa pamoja na moto huzifunga. Magurudumu ya malori yabebayo kahawa ya Mbinga yametokana na elimu hiyo.

Lakini mpira wa mti una maadui wawili: mafuta na joto kali. Kwa hiyo wataalamu walitengeneza mpira wenye florini. Ule uitwao Viton ulitolewa na kampuni ya DuPont mwaka 1957. Huo hustahimili joto la digrii 200 za sentigredi, wala dizeli haiudhuru. Nao hutumika kwa pete za kuzuia mafuta yasivuje katika injini.

Kwa kawaida mpira huo hufungwa kwa dawa na joto. Njia nyingine ni mionzi ya kobalti 60, au elektroni zirushwazo kwa mtambo. Mionzi hubandua atomu za haidrojeni na florini katika uzi, na mahali palipobanduliwa hushikana na uzi wa jirani. Mpira hutoka safi, bila mabaki ya dawa. Wala hauwi wenye kutoa mionzi, kama wengi wanavyohofu.

Hata hivyo nguvu hiyo hufunga, tena hukata. Teflon, iliyo jamaa ya mpira huu, ikipigwa mionzi hewani pasipo kupashwa moto, nyuzi zake hukatika. Ikipashwa hadi kuyeyuka, kupita digrii 327, mahali pasipo oksijeni, hufungamana. Mionzi ni ile ile. Kinachotofautisha ni elimu ya aitumiaye.

Tena kazi hii hutoa gesi ya haidrojeni na florini, iunguzayo mapafu. Yampasa mfanyakazi apewe kuta nene za kumkinga, hewa ya kutosha, na kipimo cha mionzi avaacho kifuani. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, isimamie mambo hayo.

Mkoa wa Ruvuma una urani katika ardhi ya Mkuju, wilayani Namtumbo. Lakini madini hayamfundishi mtu. Hapana budi vijana wetu wasome kemia na fizikia kwa bidii, ili siku mitambo ya namna hii itakapofika, wasiwe wabeba mizigo mlangoni pake.