Saratani ya Ini: Kwa Nini Matibabu Hayaishii Kwenye Upasuaji

Na Mwandishi Wetu, Ngara

Upasuaji wa kuondoa uvimbe ni miongoni mwa tiba chache zinazoweza kumponya mgonjwa wa saratani ya ini iliyogunduliwa mapema. Hata hivyo, tafiti za kimataifa zinaonesha kuwa hadi wagonjwa 70 kati ya 100 hurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka 5. Kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo aliyesafiri mbali kufuata tiba, kulifahamu jambo hili kunaweza kuamua iwapo atarejea kliniki au atabaki nyumbani akiamini amekwishapona.

Saratani hurudi kwa njia mbili. Kwanza, seli chache huweza kuwa zimeingia katika mishipa midogo ya damu kabla ya uvimbe kuondolewa. Hizi huibuka zaidi katika miaka 2 ya mwanzo. Pili, sehemu ya ini iliyobaki mara nyingi ni ini lile lile lililodhoofishwa na virusi vya homa ya ini B au C, pombe au sumukuvu, hivyo uvimbe mpya huweza kuota.

Zamani wataalamu walikadiria hatima ya mgonjwa kwa kuangalia ukubwa na idadi ya uvimbe, pamoja na hali ya ini. Sasa wanachunguza pia mazingira yanayouzunguka uvimbe: seli za kinga, mishipa ya damu na nyuzi za makovu. Tafiti, nyingi zikiwa za Asia Mashariki ambako ugonjwa huu umeenea, zimebaini kuwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikutwa na wingi wa seli za kinga ziitwazo seli T aina ya CD8, zenye kazi ya kuua seli za saratani, kwa wastani waliishi muda mrefu zaidi baada ya upasuaji. Pale zilipozidi seli T dhibiti, ambazo hutuliza kinga ya mwili, matokeo yalikuwa hafifu.

Saratani pia huweza kuzigeuza seli za ulinzi zikaihudumia, na kutumia protini zinazofanya kazi kama breki ya kinga. Ugunduzi wa namna ya kuziachia breki hizo uliwapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018.

Viashiria hivi bado si kipimo cha kawaida cha kuamua tiba ya kila mgonjwa. Linalowezekana leo ni kuhakikisha kuwa uvimbe ulioondolewa unachunguzwa katika maabara ya patholojia. Mgonjwa au ndugu zake wana haki ya kumuuliza daktari mambo matatu: je, kingo za sehemu iliyokatwa ni safi? Je, saratani imeingia katika mishipa ya damu? Je, ini lililobaki lina makovu? Majibu hayo yatunzwe pamoja na cheti cha kliniki.

Baada ya hapo, mgonjwa hufuatiliwa kwa vipimo vya picha na damu, kwa kawaida kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo. Mwenye homa ya ini B huhitaji kuendelea na dawa za kufubaza virusi kama atakavyoelekezwa, kwani hupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Kwa wanaohudhuria Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kero ya kusubiri kivuko.

Kinga inabaki kuwa njia nafuu zaidi. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Wanashauriwa kupima na, wasipokuwa na maambukizi, kuulizia chanjo. Kaya zikaushe vizuri mahindi na karanga, zihifadhi mahali pakavu na kutupa punje zenye ukungu.

Mwenye maumivu ya mara kwa mara chini ya mbavu za kulia, macho ya njano, tumbo kujaa au kupungua uzito bila sababu asisubiri. Afike kituo cha afya kilicho karibu naye ili, ikibidi, apewe rufaa mapema, wakati upasuaji ungali unawezekana.