Ua la Waller, ua la Sultani

Watoto wa Kasingirima, kata ya Ujiji, hukua wakisikia jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Horace Waller hatajwi sana. Ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapwa mwaka 1874, akisaidiwa na Chuma na Susi, ambao safari za Livingstone walizitembea kwa miguu yao. Jina lake limebaki pia katika ua la Afrika Mashariki: Impatiens walleriana, kama mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alivyoliita mwaka 1868.

Huota mwituni kuanzia Kenya hadi Msumbiji, Tanzania ikiwemo, kwenye kivuli chenye unyevu. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipopeleka mbegu London, Hooker alidhani ni spishi nyingine. Mwaka 1882 akaiita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikabainika kuwa ni mmea uleule. Kwetu huishi miaka kadhaa; Ulaya baridi huuua, kwa hiyo watu hupanda upya kila mwaka.

Ulitazame kwa karibu. Nyuma ya petali umechomoza mrija mwembamba wenye nekta, ambayo kipepeo mwenye ulimi mrefu huifikia. Sehemu za kiume zimeungana na kuifunika ya kike kama kofia. Kofia ikidondoka, ndipo ya kike hujitokeza, na ua huwa tayari kupokea chavua ya ua jingine. Ajabu kubwa zaidi ni tunda. Likiiva, kuta zake hujaa maji na kukazana, hata mguso mdogo ukitosha kuzifanya zijikunje ghafla na kurusha mbegu mbali.

Mwaka 2003 ukungu uitwao Plasmopara ulizuka Uingereza, na kufikia 2012 ulikuwa umeenea Marekani. Unga mweupe hutanda chini ya jani, majani hupukutika, na vimelea hubaki udongoni. Wazalishaji wa mbegu walihangaika kutafuta aina sugu. Ndiyo maana naona mimea ya porini, ambayo haijachujwa na mzalishaji yeyote, ilindwe pamoja na vijito vyake.

Anayetaka kuupanda Kasingirima aukinge na jua la mwambao: chini ya mwembe panafaa. Kipande cha shina kikiwekwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, mwagilia udongo asubuhi bila kulowesha majani, kwa kuwa ukungu huo hushika jani bichi lenye maji.